Wale Niliosema Wameacha Masomo

Nilikuwa zamu wa shule kubwa pale Masisi, ile ya wanaotoka sekondari na kutafuta diplome ya kilimo na mifugo. Zamu njo mutu wa mulangoni. Nilifungua mulango asubuhi, nilipeleka chaki, nilifukuza mbuzi za majirani kwenye maua ya direktere, na niligonga kengele, ambayo haikuwa kengele bali jante, chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa kwenye mukaratusi. Mimi mwenyewe niliacha shule mwaka wa tatu wa primeri. Nasoma, lakini polepole, kama mutu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe moja moja. Kwa hiyo anayesoma hapa anivumilie nikipotea njia, nitarudi. Ninachotaka kusema ni kitu kimoja tu. Kuna binti wa Walikale aliyemaliza kozi zake zote, na mimi, kwa mudomo wangu, nilimuandikisha kuwa ameacha shule na ameolewa. Hakuwa ameacha. Hakuwa ameolewa. Na nilijua.

Kabla ya kuwa zamu nilichunga ng'ombe za watu kwenye milima ile, miaka mingi, mpaka magoti yakakataa. Kazi ile ilinipa tabia ambazo sikuziacha malishoni. Kwanza, sisi wachungaji tuliogopa kuhesabu ng'ombe ya mutu kwa sauti. Ilikuwa kama kuitia bahati mbaya. Zikirudi zizini unaziangalia tu zikipita, na unajua kwamba ile yenye pembe iliyovunjika haipo. Hujui ni ngapi zimerudi, unajua nani hajarudi. Tabia ingine si ya kujivunia. Mwenye ng'ombe akitokea ghafula na kuuliza, "Iko wapi ile nyekundu?", muchungaji anajibu kabla hata hajafikiri: "Ilikula majani mabaya, Papa." Jibu la haraka linafunga maneno. Mwenye mali anasikitika, anarudi kwake, na wewe unalala salama. Mara ingapi nilijibu vile na ng'ombe ilikuwa imeanguka kwenye bonde kwa sababu nilikuwa nimelala? Tuache hiyo. Hiyo ni dhambi ingine.

Sasa nieleze mambo ya mbuzi, maana bila mbuzi hamutaelewa.

Pale kwetu mwanafunzi akimaliza kozi zote za mwaka wa mwisho, anaandika kazi yake, kakitabu kembamba, halafu anakuja kuitetea mbele ya walimu watatu. Hao watatu njo wanaitwa juri. Wanauliza, anajibu, wanatoka kidogo, wanarudi kutangaza. Bila siku hiyo hakuna diplome, hata kama ulishinda kila kozi. Na siku hiyo ina chakula. Hakuna sheria iliyokiandika. Nafikiri kilianza kwa heshima tu, familia moja ilileta kuku kushukuru walimu. Familia iliyofuata haikutaka kuonekana ya chini, ikaleta mbuzi. Tangu hapo mbuzi ikabaki, ikaongezeka kaziye mbili za chupa za bia, muchele, fromaji, jibini ya hapa Masisi ile ya duara nzima, na soda kwa walokole. Asiyekuwa na vitu hivyo hakuambiwa hapana. Aliambiwa angoje. Mwalimu mumoja amesafiri. Juri haijapatikana. Rudi mwezi unaokuja.

Na nani alipeleka hiyo orodha kwa wanafunzi? Mimi. Walimu waliona haya kuitamka. Niliijua kwa kichwa, niliisema kama sala, na mwisho niliongeza kaneno kangu: "Juri yenye njaa haisikii Kifaransa." Watu walicheka sana. Kichwa cha mbuzi na mukono mumoja vilikuwa vyangu, na hakuna aliyeuliza kwa nini, ilikuwa imeshakuwa desturi.

Binti ninayemusema alitoka Walikale, ukishapita Kibua, huko msitu unapoanza kufunga barabara. Baba yake alikuwa mulimaji na muwindaji. Kazi yake ilikuwa juu ya ule ugonjwa unaokausha ndizi. Siku moja alipita nyumbani kwangu, akaona mugomba wangu umelegea majani, akaukata bila hata kuomba ruhusa. Ukatoa maji mazito ya njano, kama usaha. "Papa, ng'oa huu," aliniambia. "Halafu choma panga kwenye moto mbele ya kukata mwingine. Panga yako njo inatembeza ugonjwa." Nilifanya vile. Ndizi zangu zilibaki, za jirani zilikauka zote mpaka akapanda viazi. Nasema hii ili mujue kwamba nilikula masomo ya yule binti kabla juri haijayasikia.

Alipomaliza kuandika, nilimupelekea orodha kama wengine wote.

"Mbuzi, Papa?"

"Mbuzi, mama. Na isiwe ya kukonda."

"Sisi kule hatufugi mbuzi. Tuko na nyama ya pori."

"Juri haili nyani."

"Nani amesema nyani? Nasema simbiliki, ile ndezi ya pori. Baba anaikausha vizuri, walimu watalamba vidole."

"Hata simbiliki, mama. Mbuzi."

Tulicheka wote wawili. Kisha yeye akaacha kucheka. "Na kama sina?"

"Utangoja."

Alingoja. Alirudi mara tatu kuuliza tarehe, na kutoka kwao mpaka Masisi si kutoka sokoni mpaka kanisani, mvua ikinyesha motari, mwenye pikipiki, anakushusha na munasukuma pamoja kwenye matope. Kila mara nilimuambia bado. Mara ya tatu aliacha kakitabu kake kwenye kabati ya sekretere, akasema anaenda kulima karanga mpaka karanga zigeuke mbuzi. Hakuwa peke yake. Nikiwapitisha machoni, kama ng'ombe zinaporudi, walikuwa saba: mabinti wanne na vijana watatu, wote wamemaliza, wote wanangoja.

Njo akafika dada kutoka Goma. Alifanya kazi kwenye biro inayokusanya hesabu za shule kubwa za jimbo. Direktere alikuwa ameenda Sake, sekretere alikuwa mugonjwa kwake. Shuleni nilikuwa mimi na funguo. Dada yule hakuwa na kiburi. Alifungua mashine yake, akatandika karatasi kwenye benchi, akaniuliza kama ninawajua wanafunzi.

"Kwa sura na kwa mwendo," nilimuambia. "Hata kikohozi."

"Basi leo weye njo direktere wangu, Papa. Kaa hapa."

Nilikaa. Sijawahi kukalishwa vile. Akanionyesha karatasi kwa kidole. Juu, wale walioingia mwaka wa kwanza. Chini, wale waliopata diplome. Juu wamejaa, chini wamebaki wachache, hata mimi niliona.

"Wakubwa wakiangalia hii," aliniambia, "mumoja anasema shule ni mbaya. Mwingine anasema wanafunzi ni wavivu. Mimi siwezi kusema kitu kama sijui wale wa katikati walipita wapi. Kuna aliyehamia shule ingine: huyo hajaacha, atamaliza kule. Kuna aliyerudia mwaka: huyo anachelewa tu. Kuna aliyekufa. Na kuna aliyeacha kweli. Kwenye karatasi wote wanafanana, wote hawapo. Kwa hiyo nauliza mumoja mumoja."

Niliielewa kuliko alivyofikiri. Ni kuchunga kabisa. Tukaanza, na nataka mujue kwamba mwanzoni nilisema kweli. Huyu alihamia Goma na mume wake, anasoma kule. Huyu alikufa na homa. Huyu alirudia mara mbili na sasa yuko mwaka wa mwisho. Dada aliandika, akanisifu, akasema hajapata mulango unaojua kama huu. Sifa hizo zilinipanda kichwani kama kasiksi, pombe ya ndizi, ya siku ya tatu.

Halafu akafika kwa binti wa Walikale. "Huyu kozi zote ameshinda. Diplome hakuna. Yuko wapi?"

Jibu likatoka. Sikulituma, lilitoka lenyewe, lile la majani mabaya.

"Ameolewa, dada."

"Kha! Amefika mwisho kabisa, halafu anaolewa?"

"Walikale ile, dada. Kule mvua ikinyesha tu, binti anaolewa."

Akacheka, akaandika. Na kwa sababu alicheka, niliendelea. Mabinti wanne wote niliwaoza siku hiyo hapo kwenye benchi, bila ng'ombe, bila padri. Vijana watatu niliwatuma machimboni. "Wanafuata mawe, dada, hawafuati karatasi." Akacheka tena. Kisha akasimamisha biki yake ya kuandikia.

"Papa, hakuna kati yao anayengoja tu kutetea kazi? Shule zingine nimewakuta wengi vile. Na hao si wa kuandika pamoja na walioacha. Ni watu wa kumaliza kesho kama mulango ukifunguliwa."

Aliuliza waziwazi hivyo. Hakuna aliyenitisha. Hakuna mukubwa aliyesimama nyuma yangu. Lakini nilijua swali linalofuata: wanangoja nini? Na nyumbani kwangu, juu ya moto, mukono wa mbuzi ulikuwa unakauka tangu wiki iliyopita.

"Hapana, dada," nilisema. "Hapa anayemaliza, anatetea."

Sekretere alipopona nilimuambia nilivyojibu. Alinipiga begani. "Muzee, umetuokoa." Nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi, siwezi kuficha.

Miezi ikapita, ikafika barua kutoka shule mama, ile ya Goma inayotusimamia. Sekretere aliisoma kwenye kiwanja. Walioandikwa kuwa wameacha, dosye zao, yaani faili, zifungwe na majina yao yatoke kwenye orodha. Na kwa kuwa hesabu inaonyesha mabinti wa mbali wanafika mwisho na kwenda kuolewa, ile nyumba ndogo ya shule ambamo walilala itageuzwa depo ya mbegu. Mimi njo nilibeba vitanda kuvitoa nje. Vitanda ni vyepesi, lakini siku ile nilipumzika kila hatua kumi.

Binti wa Walikale akafika wakati wa mavuno ya maharagi. Saa sita ya mchana, jua limesimama. Pikipiki ya motari ikaingia kiwanjani, nyuma yake kuna gunia, na kwenye gunia kichwa cha mbuzi kinaangalia watu kama chefu wa kijiji. Yeye alikuwa ameshika mufuko wa muchele kifuani, vumbi imemubadilisha rangi.

"Papa!" aliniita kabla hata hajashuka. "Sasa niambie, juri bado iko na njaa?"

Wanafunzi wakapiga kelele na kucheka. Niliangalia ufagio.

Aliingia kwa sekretere, na kwa kuwa mulango ulibaki wazi tulisikia wote. Sekretere alifungua orodha, akageuza karatasi, akageuza tena.

"Mama, weye umetoka kwenye orodha."

"Nimetoka kwenda wapi?"

"Hapa wameandika aliacha. Sababu, ndoa."

"Ndoa?" Aligeuka nyuma, kama kuna mwingine aliyeingia naye. "Ndoa na nani? Munionyeshe huyo bwana, nimupe hii mbuzi aipeleke kwa baba yangu, maana hajaleta hata kuku."

Watu wakacheka nje. Yeye hakucheka.

"Nani alisema?"

"Hesabu njo inasema, mama."

"Hesabu iliniona wapi?"

Sekretere alifunga orodha. Hakunitazama, na heshima ile aliyonipa ilinichoma kuliko angenitaja. Nilikuwa hatua tatu. Ningeweza kusema. Nilikuwa na mudomo uleule uliosema sana kwenye benchi, na siku hiyo ulikauka.

Alitoka, akasimama kidogo karibu na mbuzi yake. Motari alikuwa anataka kurudi kabla mvua haijanyesha. Kufunga mbuzi kwenye pikipiki kunahitaji watu wawili, mumoja anashika miguu. Nilishika mimi. Alipopanda aliniinamia.

"Aksanti, Papa. Leo weye peke yako njo umenisaidia."

Nilirudi nyumbani, nikamuambia bibi yangu wa ndoa yote. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Aliacha muchi ndani ya kinu.

"Panga ulichoma," alisema. "Mudomo hukuchoma."

Akaendelea kutwanga. Nyama iliyokuwa juu ya moto aliipa mbwa.

Niliomba lifti kwenye gari ya maziwa mpaka Sake, kisha Goma, na sikujua hata biro ya yule dada iko wapi. Niliuliza kwa kusema "mahali wanahesabu wanafunzi", watu wakanicheka. Mwisho nilifika. Alinikumbuka, akanipa kiti, akaniita direktere wake. Hapo nikamuambia. Mbuzi, bia, fromaji, mukono wangu wa nyama, wale saba. Kadiri nilivyosema aliondoa kicheko usoni, polepole, kama mutu anayevua nguo yenye maji.

"Papa," alisema, "mimi sikuandika upepo. Niliandika weye."

"Najua, mama."

"Unajua nini? Nilipeleka karatasi ile kwa wakubwa, nikawaambia mabinti wa kule wanakimbilia ndoa. Nilisimama mbele ya watu nikasema. Walifunga nyumba yao kwa neno langu." Akafungua mashine. "Sema tena. Mumoja mumoja. Na ukicheka leo, utatoka."

Nilisema tena. Hakukuwa na kitu cha kuchekesha. Alipomaliza kuandika aliniambia kwamba karatasi inaweza kusahihishwa, saba wakahamishwa kutoka walioacha kwenda wanaongoja, na kwenye karatasi kazi hiyo haichukui hata dakika. "Watu njo hawahami vile," alisema.

Sitaeleza barua zote zilizoandikwa, sizijui. Najua direktere aliitwa Goma na alirudi bila kusalimia. Najua ilitoka amri kwamba wale saba wana muda, mpaka mwisho wa mwaka wa shule, kuja kutetea, na juri isile kitu siku hiyo, hata karanga. Vitanda havikurudi, maana mbegu zilikuwa zimeshaingia. Walimu waliacha kunisalimia. Barua saba zilihitaji mutu wa kuzipeleka, kwa sababu simu za wengi hazikushika tena, na nikaomba nipeleke mimi. Sekretere alisema, "Nenda, muzee, weye njo unapenda kusema." Nilistahili.

Nilianza na Walikale. Nyabiondo, Kashebere, Kibua, siku tatu kwa sababu ya mvua, na mahali pengine motari alinibeba mugongoni kuvuka matope, mimi muzee mzima nimeshika barua juu ya kichwa. Nilimukuta binti anaanika karanga mbele ya nyumba. Baba yake alikuwa anashona wavu wa kuwindia. Walinipa kiti. Niliwapa barua, akaisoma yeye kwa sauti, haraka, si kama mimi. Baba yake akasema Mungu ni mwema. Hapo ningeweza kuondoka nikiwa mutu aliyeleta habari njema. Miguu ilitaka kabisa.

"Ni mimi," nilisema. "Ile ndoa, ni mimi niliisema."

Baba aliacha kushona. Binti alikunja barua, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo.

"Ulinishikia mbuzi," alisema.

"Ndiyo."

"Nikakuambia aksanti."

"Ndiyo, mama."

"Unajua ile mbuzi iliisha vipi? Habari ilifika hapa kabla yangu. Watu walisema binti wa fulani ameolewa Masisi kwa siri, baba yake anaficha mahari. Wazee wakamuita baba akatoe maelezo. Tuliwapa mbuzi ili wamuamini."

Yule baba aliangalia wavu wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Mwisho binti alisema: "Nitakuja. Lakini siku hiyo, Papa, usikae mulangoni. Sitaki kupita mbele yako kuingia."

Nilikubali. Siku yenyewe nilimupa mwingine funguo, nikateremka sokoni, nikakaa na wauza maziwa. Kutoka pale shule haionekani, inasikika tu. Asubuhi ikaenda. Wauza maziwa waliniuliza kama nimefukuzwa, mumoja akasema sura yangu imechacha kuliko maziwa yake. Sikuwa na jibu la haraka. Karibu saa saba nilisikia mikono inapigwa kule juu, muda murefu, na sauti za wanawake.

Aliteremka baadaye na jamaa zake, amevaa kitenge kipya, kakitabu mukononi. Aliponiona alisimama. Jamaa wakatangulia.

"Nimemaliza," alisema.

"Nimesikia, mama."

"Wale wengine sita umewafikia?"

"Wawili tu. Hao watakuja."

"Basi usikae hapa."

Akaenda zake. Nami nikaenda. Magoti haya haya, na wengine walikuwa wamehama kwa sababu ya vita, unafika unaambiwa wako Shasha, unafika Shasha unaambiwa Bweremana. Muda wa amri ukaisha nikiwa njiani. Kijana mumoja yuko machimboni kweli, amefika huko baada ya kusikia amefutwa. Vijana wengine wale wawili njo waliokuja kutetea. Mabinti wawili sijawapata mpaka leo.

Wa mwisho niliyemupata, binti wa nne, alikuwa Bweremana, anauza samaki wadogo karibu na ziwa, mutoto mugongoni. Bwana wake alimuoa mwaka uliofuata ile karatasi yangu. Nilimusomea barua mwenyewe, jiwe moja moja, nikijua tarehe yake imepita, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kuifikisha. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akahamisha mutoto upande mwingine, akaniuliza kama nimetembea tangu asubuhi, na kama nataka maji ya kunywa.